Karata ya Chatu

Likizo ya Juni, nikiwa nyumbani Bariadi, binamu yangu alinionyesha karata za Magic: The Gathering, mchezo uliotungwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Baadhi ya karata hizo huchapwa kwa wingi, nyingine kwa uchache, na hizo chache ndizo watu huzigombea.

Niliporudi bwenini, mimi na rafiki yangu tulikata maboksi ya chaki tukachora za kwetu. Mazimwi ya kigeni tuliyaacha. Tuliweka wacheza ngoma wa Kisukuma: Bagika kumi, Bagalu kumi, Banunguli wawindaji wa nungunungu watano, na karata moja tu ya Bayeye, mtu mwenye chatu shingoni. Hiyo ilishinda zote. Ilikuwa yangu; rafiki yangu akaichukua kwa Bagalu sita na kikombe cha sukari.

Usiku uleule nilichora chatu wa pili. Siku ya tatu nikamtoa mchezoni. Mwenzangu hakugomba. Alilaza karata yake juu ya yangu, akazitazama, akaniachia zote mbili. Sukari yake nilikwisha kuinywa katika uji.

Sasa ninazo karata mbili za chatu, wala hapana anayezitaka.