Jicho Lionalo Joto

Sisi wa Kyela hatuna haja ya kuelezwa ukungu ni nini. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Nyasa, ambalo liko yapata mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, hupanda milima ya Rungwe, na huko juu hupoa ikawa matone madogo mno yanayoelea. Basi lori laweza kutoka Kyela chini ya nyota, likafika Isyonje, na dereva asione hatua kumi mbele yake. Akiwasha taa kali ndipo huona vibaya zaidi, maana mwanga hupiga matone yale na kumrudia machoni.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, nilikuwa na hesabu za mwaka za parokia, nazo zilitakiwa Mbeya saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kuchelewa siku moja. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Fuso ya kuchukulia mchele, akanipa nafasi mbele. Tuliondoka saa tisa usiku. Tulipoingia ukunguni akapunguza mwendo sana. Nikatazama saa yangu mara moja, nikatazama tena, na mara ya tatu nikasema, “Shemeji, kwa mwendo huu nitafika watu wamekwisha ondoka.” Hakunijibu neno, ila aliongeza mwendo.

Hatukwenda mbali. Tulisikia kishindo, na utingo akapiga kelele. Kijana wa miaka kama 14 alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi kwenda sokoni. Tulimkuta mtaroni, mguu umevunjika. Tulimpeleka hospitali, tukatoa taarifa polisi, tukagawana gharama. Alikaa miezi mitatu bila kwenda shule. Hesabu zangu zilifika kesho yake, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwezi uliopita shemeji alinijia na simu yake mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya barabara wakati wa usiku, yote nyeusi, na watu wanang’aa weupe kama taa. “Hii ni kamera ya joto,” akasema. “Wewe uliyesoma chuo cha ualimu, niambie kama ni kweli. Nina fedha kidogo za ada ya mtoto. Nataka kuinunua.”

Nikatafuta maelezo, na haya ndiyo niliyoyapata. Kila kitu chenye joto hutoa miali ambayo macho yetu hayaioni. Mwaka 1800 mtaalamu wa nyota William Herschel, akiwa Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa kioo ukatoa rangi zake, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu. Kipimajoto kikapanda zaidi kuliko penye rangi. Kamera hii huipokea miali ya namna hiyo na kuifanya picha, wala haihitaji taa. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliiweka katika motokaa ya Cadillac DeVille ya mwaka 2000, na mwaka 2004 Honda ya Japani ikatoa motokaa ya Legend yenye kumwonya dereva akiona mtu mbele. Haiwekwi nyuma ya kioo cha mbele, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia miali hiyo. Hukaa nje, mbele ya gari.

Je, ingalimwona kijana yule? Naamini uso wake na mikono yake vingalionekana. Lakini ina mipaka yake. Ukungu mzito hupunguza nguvu zake, na mvua kubwa huvipoza vitu vyote hata vikafanana. Tena hutambua joto likitofautiana na baridi. Lori lililoharibika na kulala barabarani usiku kucha, likapoa sawa na lami, laweza kutoonekana vema. Jiwe na shimo kadhalika. Nasi twajua ni malori mangapi hulala katika kona zile bila alama, ila matawi mawili ya mti.

Nilipokwisha kumweleza, nikasema kwa kujifariji, “Kumbe shemeji, kama tungalikuwa nayo siku ile, yasingalitokea yale.”

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Shemeji, siku ile nilijua wapo watu barabarani. Ilikuwa siku ya soko. Sikumwona kijana, lakini nilijua kwamba sioni. Ndiyo maana nilikuwa nakwenda polepole.”

Sikupata la kujibu, kwa maana alisema kweli. Macho yake yalikuwa yamekwisha fanya kazi yao yote: yalimwambia kwamba hayaoni. Aliyeyashinda ni mimi na saa yangu.

Kamera ile si jambo la kudharauliwa. Siku bei yake itakaposhuka, nitafurahi kuiona katika kila basi na kila lori lipandalo mlima ule. Kwa sasa ada imelipwa, na shemeji amenunua pembetatu mbili za kuakisi mwanga na vipangusio vipya vya kioo. Mimi nimejifunza kusafiri siku moja kabla.

Kijana yule anatembea, ila anachechemea kidogo. Nikipita kwao hunisalimu kwa adabu, “Shikamoo, mwalimu,” nami huona haya kuitikia marahaba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pengine wewe si dereva na wala huna gari. Lakini abiria u siku zote. Dereva akipunguza mwendo ndani ya ukungu, usitazame saa yako mbele yake. Mwache aende pole.