Malemba-Nkulu: Simu ya bei nafuu imetoka Amerika, mama hakuipokea

Siku ya Jumanne telefone ndogo ya mama mmoja wa hapa Malemba-Nkulu iliita mara tatu. Aliangalia namba. Ilikuwa namba ya Kongo, lakini hakuijua, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Wiki mbili mbele yake, mtu mwenye namba ya namna ileile alimwambia kwamba ameshinda zawadi, atume tu franka kidogo ili ifunguliwe. Alituma. Zawadi haikuonekana, na mama aliapa kutodanganywa tena.

Aliyekuwa anapiga Jumanne ile ni mtoto wake wa kiume, anayekaa Iowa, Marekani. Alitaka kumwambia kwamba mjomba, mdogo wa mama, amefariki Lubumbashi. Familia ya Lubumbashi haikumpigia mama kwa sababu mtoto aliandika kwenye grupu ya WhatsApp, "Nitamjulisha mimi mwenyewe." Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba mama amejua. Mama alipata habari Alhamisi jioni kwenye porti, kwa kinywa cha mfanyabiashara wa samaki aliyeshuka toka Bukama na kumpa pole. Marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Mtoto wangu ana telefone mkononi kila saa," alisema mama siku ya kilio, "lakini kifo cha ndugu yangu nakisikia kwa watu wa samaki."

Familia hii ilitawanyika mwaka 2005 na 2006, wakati wa mapigano ya jeshi na Mai-Mai, ambapo watu wengi wa Malemba-Nkulu, Mitwaba na Pweto waliacha vijiji. Wazee wanakumbuka kwamba Gédéon alijisalimisha Mitwaba mwezi wa tano 2006, lakini siyo wote waliokimbia walirudi siku hiyo. Mjomba alibaki Lubumbashi. Kijana alivuka mpaka, akakaa kambi ya Meheba huko Zambia, kisha akachukuliwa kwenda Marekani.

Miaka ile, aliyetaka kusikia sauti ya mtu wa mbali alikwenda kwenye foni. Alikaa kwenye msitari, zamu yake ikifika alibonyeza kitufe akasema, akaachia, akangoja jibu. Watu wote nyuma yake walisikia habari za nyumba yake: nani amezaa, nani anadaiwa. Hakukuwa na siri. Lakini hakukuwa pia na mashaka juu ya nani anaongea, maana mwenye foni alijulikana na saa ilijulikana.

Kijana alipofika Amerika alianza na kadi za kukwangua, kisha akatumia Skype, ile iliyoanza mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2011. Wengine wa kule walichukua Rebtel, kampuni ya Stockholm, Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kazi ya kampuni hizi ni moja: mtu analipa kidogo, sauti yake inapita kwenye intaneti, na huku simu inaita kwenye telefone ya kawaida isiyo na intaneti. Kwa mama mwenye telefone ya vitufe hilo lilikuwa jambo kubwa. Kupokea hakumlipishi kitu.

Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Rafiki wa kazini alimwonyesha kijana kampuni nyingine, bei yake chini kuliko zote. Alifurahi. Ndiyo hiyo iliyoita Jumanne.

Hapa inafaa kueleza kidogo, maana wengi wanasema "ni bei rahisi" bila kujua urahisi unatoka wapi. Simu ya zamani ilikuwa kama kukodi mtumbwi mzima toka Bukama mpaka Malemba kwa ajili ya gunia moja la muhogo: njia yote ni yako, na unalipa yote. Simu ya intaneti inagawa gunia katika vikapu vidogovidogo. Kila kikapu kinapanda chombo chochote kinachoshuka mto, pamoja na mizigo ya watu wengine, na porti ya mwisho wanavikusanya tena kuwa gunia. Kwa hiyo safari ya kutoka Iowa mpaka mlango wa Kongo inagharimu karibu na bure. Kinachobaki ni ushuru wa porti: kampuni ya simu ya hapa inadai malipo yake ili kuifikisha sauti kwenye telefone ya mama. Ushuru huo ndio sababu kuu ya dakika ya Kongo kuuzwa ghali kuliko dakika ya nchi nyingine nyingi.

Na penye ushuru pana wapitao kichochoroni. Mtu anaweka ndani ya nyumba mashini yenye kadi za SIM nyingi; wanaiita simboksi. Sauti ya Amerika inaingia humo kwa intaneti, inatoka tena kama simu ya mtu wa mjini anayempigia jirani. Ushuru haulipwi. Serikali inaichukia mashini hiyo kwa sababu inapoteza pesa. Mama ana sababu yake nyingine: gunia linafika, lakini jina la mwenyewe limefutwa. Pa kuona 1 ya Amerika, anaona namba ya hapa ambayo kesho itakuwa ya mtu mwingine. Kijana hakujua. Yeye kwake aliona tu kwamba dakika ni senti chache.

Alipolaumiwa, alijibu kwamba mama achukue basi telefone kubwa, waongee kwa WhatsApp, ni bure. Ni bure kwake, yeye mwenye Wi-Fi ya nyumba. Hapa mama anapaswa kununua mega, kulipa kushaji kwa mwenye pano ya sola, kisha kutafuta mahali ambapo rezo inashika. Walijaribu kwa telefone ya kijana wa jirani. Picha iliganda, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, mega zikaisha kabla ya salamu kwisha. Sauti ya kurekodi, ambayo WhatsApp inayo tangu mwaka 2013, ilifika vizuri zaidi. Lakini mama aliisikilizia uani kwa watu, majirani wakatoa maoni kabla yeye hajajibu. Foni imerudi, walicheka wengine.

Tena intaneti ina mwenye kuikata. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu, na SMS pamoja nayo. Wakati ule telefone ndogo yenye simu ya kawaida ndiyo iliyobaki na kazi.

Siku ya tisa ya kilio kijana alipiga tena, safari hii kwa kampuni inayolipa ushuru wake na kuonyesha namba ya kweli. Hawakuongea juu ya kampuni kwanza.

"Mama, unisamehe. Nilipiga mara tatu."

"Baba, nilikusikia. Sikujua kama ni wewe."

Walinyamaza wote wawili, dakika zikienda. Kisha mama alimuuliza kama huko wanamkubalia ruhusa ya kazi mtu akifiwa na mjomba. Alijibu kwamba hakuomba.

Wamepatana hivi: kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ya Malemba, ambayo kule bado ni asubuhi, atapiga kwa njia ile ya ghali kidogo. Siku nyingine, kukiwa na habari nzito, simu itaita mara mbili na kukatwa, halafu itaita tena. Hapo mama apokee hata namba ikiwa ya ajabu. Na habari ya kifo haitangojea mtu mmoja: aliye karibu zaidi apige, hata kama wa Amerika amesema atapiga.

Jumapili iliyopita mama alikuwa chini ya mwembe tangu saa kumi na moja, telefone imejaa moto, amefungia franka za kushaji wiki ijayo kwenye ncha ya kikwembe. Iliita saa kumi na mbili na dakika saba. Alisoma namba yote kwa sauti, tarakimu moja moja, ndipo akabonyeza.