Chupa ya Fanta katika Ukumbi wa Kaloleni

Baba yangu hakutaka kwenda. Nilipomwarifu kwamba vijana watatu wangepiga jazi ya piano katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, aliniuliza, "Kwani wapiga gita wamekwisha?"

Hakuwa akifanya mzaha. Kwa watu wa rika lake, neno jazi halina udugu wowote na piano. Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka wa 1932, OK Jazz iliyozaliwa Kinshasa mwaka wa 1956, Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani: hizo ndizo jazi alizozijua, na mhimili wa zile alizozicheza ujanani ulikuwa gita. Jina lilivuka bahari likapata maana nyingine huku kwetu. Wanaisimu miongoni mwetu hawatashangaa, maadamu hata neno kinanda lilitaja ala ya nyuzi kabla ya kuhamia kwenye ala za vibonye.

Sina budi kukiri kwamba nilikuwa na haja yangu. Wakati huo nilikuwa nikiandika tasnifu kuhusu ushairi huru, na sura ya pili ilikuwa imenikwama kooni mithili ya mwiba wa samaki. Nilikuwa nimewapanga wahusika wa mgogoro ule tuujuao sote, Amri Abedi na sheria zake za mwaka wa 1954 upande huu, Kezilahabi na Kichomi ya mwaka wa 1974 upande ule, kisha nikashindwa kusema lolote ambalo halijasemwa. Msimamizi wangu alikuwa ameandika pambizoni swali moja tu: mshairi akiivunja arudhi, msomaji anashika nini? Swali hilo lilininyima usingizi.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na ukumbi wake ulisikia hotuba nyingi za wanasiasa kabla ya uhuru. Haukuwa na piano. Kulikuwa na kinanda cha umeme kilichoazimwa kanisani, kimewekwa juu ya meza ya shule, na binti wa miaka ishirini na kitu amekikalia mbele. Wenzake walikuwa mpiga besi na mpiga ngoma. Watu tulikuwa kama arubaini, nusu yetu watoto waliofuata kelele. Kabla ya kuanza, mpiga ngoma alitoka nje akaenda kwenye kioski cha jirani kuomba chupa tupu ya Fanta. Mama mwenye kioski alimfuata hadi mlangoni akimkumbusha kwamba chupa ile ni ya kurudishwa.

Wimbo wa kwanza ulitaka kuwa taarabu, ukataka kuwa jazi ya Marekani, ukaishia kuwa uji uliotiwa chumvi na sukari kwa pamoja. Baba alitazama saa.

Wa pili ulikuwa "Sengula Nakupenda" wake George Mukabi, mpiga gita wa Magharibi aliyefariki mwaka wa 1963. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwani ufundi wenyewe ndio kiini cha kisa. Katika mtindo wa omutibo, kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nene kikishika besi, ilhali kidole cha shahada kinachuma sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Mtu mmoja hivyo husikika kama wawili. Mwenzake hugonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Binti yule aliihamishia kazi ya gumba kwenye mkono wake wa kushoto, na kwa muda ningeapa kwamba kuna gita mle ukumbini. Kisha akamwachia mpiga besi kazi hiyo. Mkono wa kulia nao ukaanza kuutoroka wimbo, nukta moja kando, nukta mbili, hadi nikawa sijui tena kama ni wa Mukabi. Baba, ambaye miaka ya sabini alipiga besi katika baa za Eastlands na akaliuza gita lake nilipojiunga na shule ya upili, alikuwa amekoma kutikisa mguu.

Hapo umeme ukapotea.

Kinanda kilikatika katikati ya sauti, besi ikazimika. Ilibaki ngoma na chupa. Mpiga ngoma hakusimama. Aliendelea kugonga chupa peke yake, na kutoka viti vya nyuma mzee mmoja akauimba wimbo, kutoka pale hasa ulipokuwa umefika. Wengine wakamdakia. Hawakuanza upya! Muda wote ambao binti alikuwa akirandaranda, wao walikuwa wakiuimba moyoni na kuhesabu. Mpiga ngoma akashuka jukwaani, akampa chupa mtu wa kwanza aliyekutana naye, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Mzee aliigonga kwa msumari, polepole kidogo kuliko kijana, na wimbo ukakaa sawa.

Umeme uliporudi, binti aliingia juu ya mgongo wa chupa ile, akautoroka wimbo tena. Baba aliisikiliza mizunguko miwili, akaiweka chupa chini ya kiti.

Nilikuwa nimejawa na furaha ya mtu aliyepata jibu la sura ya pili. "Baba, umeona?" nikamwambia. "Wimbo haukupotea. Mlikuwa mmeushika nyinyi."

"Haukupotea kwa sababu wazee walikuwemo," akanijibu. "Sisi tukiisha, huyo binti atakuwa anamtoroka nani?"

Sikuweza kumjibu. Nilifikiria wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowasaidia katika semina, wanaotunga mashairi huru pasi na kuwahi kughani tarbia hata moja, nikanyamaza. Pingamizi lake limo katika tasnifu, ukurasa mzima, bila jina lake kwa kuwa alikataa.

Watu walipokuwa wakitoka, mama wa kioski aliingia akiulizia chupa yake. Baba aliinama chini ya kiti, akaipangusa kwa pindo la shati, akampa. Kisha akataka kujua kama vijana wale hupiga kila Jumamosi.