Upande wa Ukungu

Kamera kubwa za filamu, zile zinazosimamishwa juu ya miguu mitatu na mpigaji akajifunika kitambaa cheusi kichwani, zina kiungo kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Si lenzi, wala si sanduku lenyewe. Ni kioo kilicho nyuma, ambacho uso wake mmoja umesagwa ukawa na ukungu. Taswira inayopita kwenye lenzi hutua juu ya uso huo, kichwa chini miguu juu, kulia kukiwa kushoto, na mpigaji huitazama huku akisogeza lenzi mbele na nyuma mpaka aridhike. Akisharidhika hufunga lenzi na kuchomeka kibebea filamu. Kibebea hicho hukisukuma kioo nyuma, na filamu ikachukua nafasi yake. Tangu hapo mpigaji haoni kitu tena. Anachobaki nacho ni imani tu, kwamba filamu imekaa palepale ilipokuwa taswira.

Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu niliishi nayo darasani miaka mingi kabla ya kuikuta ndani ya kamera.

Mpiga picha mmoja wa mjini kwetu, rafiki yangu, aliacha kamera ya namna hii alipofariki. Ni Crown Graphic ya filamu za inchi 4 kwa 5, aina iliyoanza kutengenezwa Rochester, Marekani, mwaka 1947. Kwa kamera hiyo alipiga maharusi, mahujaji, makipaimara na walimu wapya waliohitimu vyuoni. Wahenga walisema mganga hajigangi. Mtu aliyepiga picha za nusu ya mji hakuwa amempiga mkewe hata picha moja ya maana. Mama yule, ambaye sasa umri umekwenda, alikuwa na ombi moja: apigwe picha kwa kamera ya mumewe, iwekwe ukutani kando ya picha ya marehemu.

Mwanawe alijaribu. Lakini kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika safarini, ndani ya basi, na fundi mmoja alikuwa ameweka kingine. Kijana alipiga shiti mbili, akazisafisha, na zote zikatoka na uso uliofifia. Watu wakamwambia lenzi imezeeka. Mama akasema, kwa utulivu ulioniuma zaidi kuliko kilio, kwamba kamera imemfuata mwenyewe kaburini, basi iachwe ipumzike.

Niliomba nizione zile picha. Ni kweli macho ya Mama yalikuwa na ukungu. Lakini pazia lililokuwa nyuma yake lilionekana wazi, hata nyuzi zake ungeweza kuzihesabu. Lenzi iliyozeeka haichagui. Ingefifisha uso na pazia pamoja. Hapa lenzi ilikuwa imefanya kazi yake vizuri sana, ila karibu sentimita 20 nyuma ya mahali ilipoamriwa. Kosa, basi, lilikuwa kwenye kioo.

Nilipokitoa nilikuta kimewekwa upande wa ukungu ukimtazama mpigaji. Kwa macho ya kawaida jambo hilo linaonekana sawa, maana upande laini ukiwa ndani vumbi hufutika kwa urahisi. Lakini taswira huonekana pale penye ukungu tu. Ukungu ukiwa nje, taswira hulengwa nyuma ya unene wote wa kioo. Kioo chenyewe kilikuwa cha milimita 2. Kwa kuwa mwanga hujipinda ukipita ndani ya kioo, theluthi moja hivi ya unene huo hujifidia yenyewe. Iliyobaki, kama milimita 1.3, inakuwa uongo mtupu kati ya kinachoonekana na kinachopigwa. Milimita 1.3 ni unene wa sarafu, nao ulitosha kumnyima mama picha yake.

Fundi vioo wa karibu na soko ni mwanafunzi wangu wa zamani. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kabla sijafika mlangoni, nami nikamweleza haja yangu. Alikata kipande kipya kwenye kioo cha fremu za picha, akakisugua kingo kwa msasa zisije zikakata vidole, kisha akapunguza pembe zote nne. Pembe zilizopunguzwa zina kazi: hupitisha hewa mvukuto unapokunjwa, na kwa mpigaji ni matundu ya kuchungulia lenzi, ajue kama mwanga unafika hadi kwenye kona za filamu. Kazi ya kusaga niliifanya mwenyewe nyumbani. Nilitumia unga mgumu wa silikoni kabaidi namba 600, maji kidogo, na kipande kingine kidogo cha kioo cha kusugulia, mkono ukizunguka polepole bila kukandamiza. Baada ya nusu saa niliosha, nikakausha, nikaona ukungu mwororo uliosambaa sawasawa.

Kijana alinishauri tuongeze na ile shiti ya plastiki yenye mistari ya duara, iliyotokana na ubunifu wa Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye lenzi yake ilianza kuwaka katika mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823. Ni kweli huangaza kona za kioo. Lakini ikiwekwa mbele ya ukungu hubadilisha umbali, na kamera isiyotengenezwa kwa ajili yake itadanganya upya. Anayeitaka na aiweke nyuma ya kioo, upande wa mpigaji.

Baada ya kukipachika tulipima. Kwa vibebea vya inchi 4 kwa 5, kina cha kawaida hadi sakafu inapolala filamu ni kama milimita 5. Ukiondoa unene wa filamu, takribani milimita 0.18, unapata milimita 4.8. Ukungu ulipaswa kukaa kwenye kina hicho. Tuliweka rula ya chuma, tukashusha kalipa pande zote nne, vipimo vikakubaliana.

Hata hivyo sikuridhika na vipimo peke yake. Mwalimu akiuliza darasa, "Mmeelewa?" hujibiwa kwa sauti moja, "Ndiyooo, Mwalimu!" Sauti hiyo ni taswira juu ya kioo, inapendeza, inang'aa, wala watoto hawakusudii kudanganya. Lakini mtoto anachokwenda nacho nyumbani kimeandikwa kwenye filamu nyingine, usiyoiona. Chuoni tulifundishwa kumaliza kila andalio la somo kwa tathmini, na wapo waliodhani ni kujaza karatasi tu. Tathmini ni kuisafisha filamu moja kabla hujazimaliza zote.

Kwa hiyo tulisimamisha chaki tano mezani kwa mshazari, kila moja na namba yake, tukalenga ya tatu huku tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, maana tundu dogo huficha makosa. Shiti moja ilitumika. Filamu ilipokauka, chaki ya tatu ilikuwa kali kuliko zote, na nyingine zilififia kwa usawa mbele na nyuma.

Jumamosi iliyofuata Mama aliketi barazani akiwa amevaa kitenge chake kizuri. "Mwalimu," aliniambia, "usiharakishe. Yeye hakuwa akiharakisha." Mwanawe ndiye aliyeingia chini ya kitambaa cheusi, mimi nilishika saa tu. Picha ilipoletwa, Mama aliiweka karibu na dirisha akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nimezeeka hivi!" akasema, akacheka. "Lakini macho ni yangu."

Kabla ya kuifungia kamera kabatini, kijana aliniomba penseli. Juu ya ubao wa ndani, mahali ambapo fundi wa kesho hawezi kukosa kuona, aliandika kwa herufi kubwa: UKUNGU UTAZAME LENZI.