Nililichuma Mwenyewe

Ua lile sikuliokota. Nililichuma, tena na shina na majani yake yote, na niliokuwa nao siku ile mpaka leo wanaamini nililikuta limevunjika njiani.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni, kiangazi cha Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mdogo wangu anayeishi Minneapolis alitupeleka, mimi na mkewe, kwenye Ziwa Itasca, unakoanzia mto Mississippi. Pale mto wote ule unauvuka kwa kukanyaga mawe tu. Tulifuata njia ya ukingoni, chini ya misonobari mirefu. Ziwani alikuwapo luni, ndege mweusi mwenye madoa meupe na macho mekundu, kabeba kifaranga mgongoni. Wenzangu wakashughulika kumpiga picha. Mimi nilibaki nyuma penye majimaji, maana nilikuwa nimeona okidi.

Wenyeji huiita kiatu cha bibi, na ndiyo ua rasmi la jimbo lao. Petali ni nyeupe, na chini yake kuna kijifuko cha waridi kilichotuna. Nikachungulia: nyuki mdogo alikuwa ndani akihangaika. Kijifuko kile hakina asali ya kumpa. Kinamhadaa aingie kwa mbele, na akishaingia hatokei mlango ule ule; sharti ajipenyeze kwenye tundu jembamba la nyuma, na hapo ndipo anapopakwa chavua. Nilimsubiri. Alitoka, akaruka zake. Ndipo nikavunja shina.

Na nilijua. Garini mdogo wangu alikuwa ameshanieleza kwamba sheria inalilinda ua hilo tangu 1925, na kwamba mmea wake huweza kukaa hata miaka 16 kabla ya kuchanua kwa mara ya kwanza.

Isitoshe, kwetu ni Amani, Usambara Mashariki. Kila nikipata msikilizaji humsimulia kwa uchungu habari za Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka kwao yale maua yetu madogo ya zambarau mwaka 1892. Mwaka uliofuata yakaitwa Saintpaulia, kwa jina lake, na leo yanauzwa vyunguni dunia nzima. Nimemwita mwizi mara nyingi, tena kwa sauti. Basi yeye angalau alichochukua kiliota. Langu lilinyauka kabla hatujafika mjini, kijifuko kikasinyaa na kuwa kahawia.

Kesho yake mikono ikaanza kuniwasha, ikatoka vipele. Majani ya okidi ile yana vinyweleo vinavyowadhuru baadhi ya watu. Shemeji akaniletea dawa ya kupaka.

“Pole shemeji. Misitu ya huku haina adabu.”

“Nimeshapoa,” nikajibu, na mikono inawaka moto.

Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la heshima. Lilinipendeza, hapakuwa na mtu, mkono ukaenda.

Mzizi niliuacha ardhini. Lakini majani niliyoondoka nayo ndiyo yaliyokuwa yauwekee akiba ya chakula cha msimu uliofuata. Nimetamani sana kumwomba mdogo wangu apite pale atazame kama pamechanua tena, nikashindwa, kwa sababu itanibidi kwanza nimwelekeze ni wapi hasa, naye ataniuliza nilipajuaje.