Kumfuata Fundi Kutoka Kawangware Hadi Makina

Matatu za namba 46 humaliza safari yake Kawangware, na huko ndiko nilikoshuka kwa mara ya kwanza, nikitokea Mombasa kumjulia hali mpwa wangu anayejifunza umakanika. Gereji yao iko uwanjani, kando ya Naivasha Road. Haina ukuta wala paa, udongo umekunywa oili hadi umekuwa mweusi, na kila gari lina miguu ya mtu inayochomoza chini yake. Sijamaliza salamu, simu ya fundi ikalia. Mzee mmoja wa Makina, kule Kibera, analalamika: gari lake linapiga stata vizuri tu, lakini haliwaki.

Fundi hakuuliza ni gari la aina gani. "Ilizima ukiendesha, Hajji, ama ilikataa asubuhi?"

Ilikataa asubuhi. Usiku uliotangulia ilikuwa imefika nyumbani nzima.

"Basi usinunue kitu. Nakuja."

Tulipokuwa tukikusanya vifaa, mpwa wangu alinieleza kwa nini swali hilo hutangulia. Gari linalozimika barabarani humtia fundi shaka ya pampu iliyochoka, mkanda wa taimingi uliokatika au sensa inayokufa ikishika joto. Gari lililolala zima likaamka bovu humfanya awaze yaliyotokea usiku: mvua iliyoingia kwenye koili, ufunguo usiotambuliwa, waya ulioguswa. "Twende ukaone, Mjomba," akasema, na mfuko akanitwika mimi.

Tukachukua bodaboda mbili. Naivasha Road asubuhi ni mikokoteni ya maji, mama wa mboga na magari yanayogombania nafasi ambayo haipo. Tulipotokea Dagoretti Corner tukashika Ngong Road kuelekea mjini, tukipita maseremala waliopanga vitanda na makochi yao kando ya lami. Pale Adams Arcade tukakata kulia, tukaambaa na Toi Market na vilima vyake vya mitumba, na kufumba na kufumbua tukawa Makina.

Nilikuwa nimezoea kusikia Kibera ikisimuliwa kama mahali pasipo na historia. Makina ina misikiti, nyumba za udongo zenye baraza, na wazee ambao babu zao walikuwa askari wa Kinubi wa King's African Rifles, waliopewa makao katika pori hili mwanzoni mwa karne ya 20. Jamii hiyo ilisubiri hadi mwaka 2017 ndipo ikakabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288. Hajji alitupokea barazani kwa chai, na habari zake za gari zikaja na majina ya majirani: mmoja alisema ni pampu ya petroli, mwingine alisema kompyuta ya gari imekufa, wa tatu alishaleta betri mpya na anataka pesa zake.

Fundi alirudisha betri kuukuu mahali pake. "Stata inazunguka kwa nguvu. Betri haina kosa," alisema. Akaingia, akapiga stata, nasi tukanyamaza. Injini ilizunguka kwa mapigo yanayolingana, kila pigo likiwa na uzito wake. Mkanda wa taimingi ukikatika, mpwa wangu akaninong'oneza, injini huzunguka upesi na kwa wepesi, maana kompresheni imepotea. Hapa ilikuwepo.

Akafungua ufunguo bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inapata umeme. Ile taa ndogo ya ufunguo iliwaka ikazimika, kwa hiyo gari lilikuwa limemtambua mwenyewe. Mpwa wangu, sikio likiwa kwenye kiti cha nyuma, akainua kidole: pampu ilivuma kama sekunde mbili, ikatulia. Jirani wa kwanza akaondoka kimyakimya.

Kisha wakachomoa petroli kidogo kwenye chupa. Fundi alidondosha matone kwenye karatasi nyeupe, akangoja. Yalipokauka hayakuacha doa la mafuta. Wanaochanganya petroli na mafuta ya taa ni donda la siku nyingi nchini, na mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa. Lengo lilikuwa wachanganyaji, lakini wanaoyanunua mafuta hayo kwa chupa ni watu wa vichochoro hivi hivi, ambao majiko yao yalikuwa yakinuka tulipokuwa tumeinamia boneti. Huku kosa la mtu mwingine hulipwa na asiye na gari.

Sasa ilikuwa zamu ya plagi. Fundi alitoa moja baada ya kupiga stata kwa muda, akaigusa ncha yake kwa kidole: kavu. Plagi iliyolowa na kunuka petroli husema mafuta yanafika lakini moto haupo. Kavu husema injekta hazimwagi. Akaiunganisha na koili yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, mpwa wangu akapiga stata. Hakuna cheche. Akajaribu nyingine, hakuna.

"Moto hakuna na mafuta hayaingii, zote nne kwa wakati mmoja," alisema fundi. "Koili nne haziwezi kukubaliana kufa usiku mmoja. Kuna kitu kimoja zote zinangojea."

Kitu hicho ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Bila habari hiyo kompyuta haitoi moto wala petroli. Sindano ya mizunguko kwenye dashibodi haikutikisika hata stata ilipopigwa. Fundi alichomeka kidude cha kusomea, na simu yake ikaonyesha P0335. Hajji akauliza sensa inauzwa bei gani Kirinyaga Road.

"Ngoja, Hajji. Hii namba haisemi sensa imekufa. Inasema njia ya sensa iko na shida. Njia ni sensa, na plagi yake, na waya mpaka kwa kompyuta."

Akalala chini ya gari na taa. Waya mbili zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikaonekana, na juu ya ngao ya chini kulikuwa na makombo ya mahindi. Panya alikuwa amepata mahali penye joto pa kulia chakula cha usiku. Kwa umeme wa nyumbani kwa Hajji fundi aliunganisha waya kwa lehemu, akazivika tepu, akazifunga juu mbali na ngao. Gari liliwaka kwa stata ya kwanza.

Hajji alituendesha mwenyewe hadi Kawangware, kwa amri ya fundi. Dagoretti Corner, injini ikiwa imechemka, alilazimishwa kuzima, kungoja na kuwasha tena, kwa sababu kiungo kibaya hujificha kwenye baridi. Likawaka. Alilipa kwa M-Pesa akiwa bado kwenye usukani, na ilikuwa chini sana ya bei ya betri aliyotaka kuuziwa.

Gerejini niliona sanduku la mbao lililojaa pampu, koili na sensa, nikadhani ni vyuma chakavu. Mpwa wangu alicheka: vyote ni vizima. Ni spea zilizotolewa kwenye magari na watu waliokuwa wakibahatisha, wakanunua mpya, na gari halikuwaka. Wenyewe waliziacha, na fundi huzitumia kupimia magari mengine. Tukiwa hapo akaja kijana wa teksi akiulizia pampu, ana pesa mkononi. Fundi alimwambia arudishe pesa mfukoni, alete gari.