Mtoto wa mfalme awekwa bondi!

Wewe ukibanwa unaweka bondi redio au baiskeli. Wafalme wa China ya kale walikuwa wanaweka watoto wao. Siyo utani.

Falme mbili zikipatana, mtoto wa kiume wa mfalme alipelekwa kwa jirani akae kama dhamana. Mkataba ukivunjwa, shingo ya mwana ilikuwa hatarini. Kufikia mwaka 720 K.K., hata mfalme mkuu wa Zhou alikuwa amebadilishana watoto na mtawala wa Zheng, mtu wa chini yake. Aibu hiyo!

Neno lenyewe sasa. Wachina wanaandika alama moja, na ndani yake mna alama ya kauri, yaani pesa. Wanaosema Kikantoni wakiitamka “jat”, ni ubora wa kitu. Wakiitamka “ji”, ni rehani. Mateka wanamwita “yan ji”, mtu wa rehani.

Msikie Zichu, mjukuu wa mfalme wa Qin. Kwao walikuwa watoto wa kiume zaidi ya 20 na mama yake hakupendwa, basi akatupwa mji wa Handan, katika ufalme wa Zhao. Qin ilipoishambulia Zhao, yeye ndiye aliyenuniwa.

Hapo namwelewa. Nikiwa darasa la tatu nilipelekwa kwa baba mkubwa, aliyekuwa anamdai baba yangu. Eti naenda kusoma. Pesa zikichelewa, nyama zilipungua kwenye sahani yangu. Hakuna aliyetamka rehani, lakini mtoto haambiwi, anaona mwenyewe.

Mwaka 257 K.K. Qin iliuzingira Handan, na watu wa Zhao wakataka kumuua Zichu. Akawahonga walinzi dhahabu, akachomoka. Mke na mtoto mdogo akawaacha huko huko, wakajificha.

Mtoto huyo aliitwa Zheng. Alikua, akawa mfalme wa Qin, na mwaka 228 K.K. majeshi yake yakaiteka Handan. Akaenda mwenyewe, akawatafuta waliokuwa maadui wa familia ya mama yake, akawafukia wazima. Mwaka 221 K.K. akawa mfalme wa kwanza wa China nzima.

Redio ukiikomboa inaimba vile vile. Mtoto anarudi na hesabu yake kichwani. Kwa hiyo jamani, dawa ya deni ni kulipa. Mtoto mwacheni nyumbani.

Tukutane wiki ijayo.